Filamu ya Chinjachinja

Huku Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, mvua zikianza nyasi hazingoji mtu. Aliyesoma shule ya bweni, hapa au kwingineko nchini, akisikia "slasha" anauona ule ubapa mwembamba wa chuma uliopinda nchani, anauona uwanja wenye umande na wanafunzi waliogawiwa maeneo ya kufyeka. Neno hilo tulilipokea zamani, likapata kazi yake na wenyewe. Ndiyo maana halitufai kwa kazi ya pili linayoifanya katika Kiingereza, yaani kutaja aina mojawapo ya filamu za kutisha. Tukisema "filamu ya slasha", msikilizaji atafikiria majani.

Kinachotajwa ni hiki. Mwuaji ni mmoja, na aghalabu kaficha uso. Silaha yake ina makali: kisu, panga, shoka, msumeno. Mbele yake kuna kundi la vijana mahali pasipofikiwa na msaada upesi, nao wanauawa mmoja baada ya mwingine hadi abaki mmoja, mara nyingi msichana. Mizizi yake hutafutwa katika Psycho ya Alfred Hitchcock (1960), kisha Black Christmas ya Bob Clark na The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper, zote mbili za 1974. Aliyeipa aina hii umbo ambalo wengine wote walilifuata ni John Carpenter, kwa Halloween ya 1978.

Kwa Kiswahili tunaweza kusema "filamu ya mauaji", lakini hilo ni pana mno. Linazoa hata hadithi za wapelelezi. "Filamu ya kutisha" ni jina la ukoo mzima, pamoja na majini, wachawi na mizimu. "Filamu ya mkatakataji" ni sahihi, ila sidhani kama kuna kijana atakayelitamka akiwa mlangoni pa kibanda umiza. Ninalolipendekeza ni filamu ya chinjachinja.

Sababu ya kwanza imo katika sarufi. Kitenzi kinaporudufiwa katika Kiswahili huleta maana ya tendo linalofanywa tena na tena: kukatakata, kupigapiga, kurukaruka. Lakini urudufishaji huohuo huweza pia kusema kwamba tendo linafanywa bila mpango wala uzito: kuandikaandika, kusemasema, kushikashika. Maana zote mbili zinaikaa aina hii ya filamu. Kurudia ndiko kunakomvuta mtazamaji, kwa sababu baada ya kifo cha kwanza anajua cha pili kinakuja, asichokijua ni mlango upi. Na kufanya ovyoovyo ndiko kunakoziua nyingi kati ya filamu hizo.

Sababu ya pili ni kwamba neno tunalo tayari, na lina hofu yake. Chinjachinja ni yule mtu wa uvumi anayetembea usiku akitafuta damu ya watu, ndugu wa mumiani. Uluguru ni mojawapo ya mahali ambapo uvumi huo umeandikwa kwa makini: mwanaanthropolojia Mholanzi Peter Pels alichapisha makala yake juu ya mumiani wa huku mwaka 1992, na mwaka 2000 Luise White akatoa kitabu kizima kuhusu simulizi za wanyonya damu Afrika Mashariki na Kati. Chinjachinja hana jina wala uso. Hakuna aliyemwona, lakini kila mtu anamjua mtu aliyemjua mtu aliyemwona. Michael Myers wa Halloween, aliye kimya nyuma ya kinyago cheupe, ni wa jamii hiyo.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Chinjachinja wetu anaua kwa faida: damu inauzwa, inatengenezewa dawa, kuna mkubwa anayemtuma. Filamu zetu za kutisha nazo hupenda sababu. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati filamu za Bongo zikichipuka, zimesimama juu ya ulimwengu wa mizimu na majini, ambako mtu hafi hivihivi. Mwuaji wa Carpenter hapewi sababu yoyote. Kwangu mimi hiyo ndiyo hofu safi zaidi, na ndiyo ambayo waandishi wetu wa miswada hawajaijaribu vya kutosha.

Halloween iligharimu takriban dola 300,000 na kuingiza karibu dola milioni 70 duniani. Kinyago chenyewe kilikuwa kinyago cha dukani cha sura ya William Shatner, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Hadithi inatokea Oktoba, lakini picha zilipigwa California majira ya kuchipua, kila kitu kikiwa kijani. Basi wakapaka majani rangi ya kahawia, wakayatawanya barabarani, wakapiga picha, wakayazoa tena kwa ajili ya mtaa unaofuata. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe. Damu inayoonekana ni kidogo sana. Woga unatoka kwenye kamera inayongoja mahali ambapo hapana kitu, na kwenye mtu aliyesimama mbali mno kiasi kwamba huna hakika umemwona.

Hapo ndipo uchache wa fedha unapogeuka kuwa mbinu. Anayeishi huku anaona mwenyewe kilichopo bila malipo: ukungu unaoshuka kufunika migomba, njia ya miguu inayopanda kwenda Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani lililobaki peke yake juu. Uganda, Nabwana I.G.G. wa Wakaliga alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa dola 200 hivi. Ile ni filamu ya mapigano, lakini imethibitisha kwamba ufukara haumzuii mwenye nia.

Kinachozuia ni uvivu. Friday the 13th ya 1980 ilipata fedha nyingi kwa gharama ndogo, na kufikia 2009 zilikuwa zimetoka 12 za mfululizo huo. Katika nyingi za kundi hili, marehemu hawana hulka, wamewekwa wahesabiwe. Paka anaruka kutoka kabatini ili tushtuke bure. Damu inamwagwa kuziba pengo la hadithi. Mtazamaji akizoea kucheka mtu anapokufa, hofu imekwisha, na pamoja nayo kitu kingine ambacho sipendi tukipoteze, yaani kumwonea huruma anayekufa.

Lawama nzito zaidi inahusu wasichana, na katika kata inayojulikana nchi nzima kwa shule yake ya wasichana siwezi kuipita haraka. Filamu hizi huwaadhibu mabinti kwa kupenda. Aliyekwenda na mvulana hufa kwanza, na kamera humkalia muda mrefu kuliko inavyowakalia wavulana. Mwaka 1987 Carol Clover, msomi wa Marekani, alionyesha upande wa pili: yule anayebaki, anayeona mapema kuliko wenzake na kupigana hadi mwisho, ndiye ambaye hata watazamaji wa kiume huishia kuwa upande wake. Istilahi yake hutafsiriwa "msichana wa mwisho", na Mswahili akisikia hivyo anadhani ni kitinda mimba. Tuseme binti manusura. Hiyo haiondoi lawama, ila inaeleza kwa nini wasichana pia wanazitazama.

Pingamizi moja dhidi ya chinjachinja linanisumbua. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji waliowadhania wanyonya damu. Walikuwa wanachukua sampuli za udongo. Neno hili na wenzake bado lina uwezo wa kuua, kwa hiyo napendekeza lisitumike peke yake katika maandishi ya sanaa: liandamane na "filamu" daima, filamu ya chinjachinja, filamu za chinjachinja, na mhusika wake aitwe mwuaji.