Kuchavusha, Kutungisha na Kurutubisha: Historia ya Maneno Matatu

Neno "kurutubisha" limebebeshwa mzigo mzito. Bwana shamba hulitumia kwa kazi ya kuutia udongo mbolea. Mwalimu wa biolojia hulitumia kwa tendo la seli ya kiume kuungana na yai. Na mara nyingine hutumika hata kwa tendo la kufikisha chavua kwenye ua. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba matendo hayo ni mbalimbali, na kwamba historia ya elimu ya mimea ndiyo inayotudai maneno mbalimbali.

Hapana budi tukiri kwamba wakulima waliwatangulia wataalamu. Tangu zama za kale katika nchi ya Mesopotamia, na mpaka leo katika Omani, wakulima wa mitende huyachukua maua ya mtende dume wakayatia katika vishada vya mtende jike, ili mti upate kuzaa tende. Katika mwambao wetu nako, kila mwenye shamba aujua mpapai dume, utoao maua tele usizae. Lakini kujua kwamba dume lahitajika ni jambo moja, na kujua lafanya nini ni jambo jingine.

Jambo hilo la pili lilianza kuthibitishwa mwaka 1694, katika mji wa Tübingen, Ujerumani. Huko daktari Rudolf Camerarius alitoa waraka juu ya jinsi ya mimea. Mimea aliyoichunguza si migeni kwetu. Aliuona mforosadi jike, usio na dume karibu, ukizaa matunda yenye mbegu tupu. Aliyaondoa maua ya kiume ya mbarika, na mbegu kamili hazikupatikana. Alizikata nyuzi za magunzi machanga ya mahindi, na punje hazikutokea. Ndipo alipokata shauri kwamba chavua ni ya lazima katika kuzaliana kwa mimea hiyo. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1793, Mjerumani mwenzake Christian Konrad Sprengel alieleza jinsi rangi na asali ya maua zinavyowavuta wadudu, nao wakaichukua chavua toka ua hadi ua.

Hata hivyo, chavua kufika si mwisho wa safari. Katika miaka ya 1820 Mtaliano Giovanni Battista Amici aliona kwa hadubini kwamba punje ya chavua hutoa mrija mwembamba. Mrija huo hukua kuelekea ndani ya ua, mahali penye yai. Kisha, mwaka 1884, Eduard Strasburger alishuhudia kiini cha kiume kikiungana na kiini cha yai katika mmea wa maua. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba matendo ni mawili, na kwamba la kwanza laweza kutokea bila ya la pili kufuata.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Vanila, mmea wa asili ya Meksiko, ulipopelekwa katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, ulichanua bila kuzaa, kwa kuwa kisiwani hapakuwa na mdudu wa kuichukua chavua yake. Mwaka 1836 Charles Morren alifaulu kuizalisha vanila kwa mkono huko Ubelgiji. Lakini njia nyepesi ya shambani ilipatikana mwaka 1841 kwa kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius: alikiinua kwa kijiti kile kiwambo kinachoitenga chavua, kisha akaibonyeza chavua kwa kidole gumba. Njia hiyo ilienea hadi Madagaska na Komoro, na wakulima wa Uganda na wa Kagera huzaa vanila kwa njia ya mkono vivyo hivyo.

Sasa tumfikirie mkulima huyo akipokea kijitabu kinachomwambia "airutubishe" vanila yake asubuhi ua lifunguapo. Akienda kuchukua samadi, kosa ni la nani? Ua hilo halidumu hata siku nzima. Mavuno ya mwaka yatakuwa yamepotea kwa sababu ya neno moja. Kiingereza nacho kina kitenzi kimoja kwa udongo na kwa yai, na mfasiri anayekifuata bila kutazama maana huhamisha utata huo katika lugha yetu, ambayo haikuwa na haja nao.

Kwa hiyo twapendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kwamba "kuchavusha" kutumike kwa kufikisha chavua kwenye ua. "Kutungisha," neno lenye jamaa katika usemi wa kutunga mimba, kutumike kwa muungano wa seli ya kiume na yai. Na "kurutubisha" kubakie kwa udongo, ambako kila mkulima anakufahamu. Maneno yote matatu tunayo tayari. Kazi iliyosalia ni kuliweka kila moja mahali pake, na kulishikilia hapo katika kila kijitabu, kila somo na kila waraka.