Moshi na Chungu cha Maharage: Habari za Mapishi Katika Handeni na Korogwe

Neno maharage, au maharagwe kama lisemwavyo Unguja na Mombasa na kuandikwa katika vitabu vingi, limezoeleka mno hata ni rahisi kudhani kwamba chakula chenyewe ni cha kale katika nchi hii, sawa na mtama na kunde. Sivyo. Asili ya maharage ni Amerika, nayo yalivuka bahari kuja pande hizi baada ya Wareno kuzifungua njia zao katika karne ya 16. Kunde na njugu mawe ndizo za Afrika tangu hapo. Mbaazi na choroko zilitoka Bara Hindi, lakini zamani sana. Basi mtu akitaka kuieleza habari ya maharage yaliyopikwa hata yakashika harufu ya moshi, yampasa kuanza na mambo mawili yenye umri usiolingana: punje ambayo ni mgeni, na moshi ambao ni mwenye nyumba.

Wilaya za Handeni na Korogwe zafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii, kwa sababu ya umbo la nchi. Handeni ni nchi ya Wazigua, tambarare na vilima vya nyika, yenye mvua zisizotegemeka. Mji wa Korogwe uko kando ya mto Ruvu, ambao wageni huuita Pangani, chini ya milima ya Usambara. Maharage hayapendi joto la bondeni. Hupenda baridi ya mlimani, na kwa hiyo tangu zamani yamekuwa yakiteremka kutoka Usambara kuja masokoni, huku bondeni wakilima kunde, mbaazi, mahindi na muhogo. Mzigua aliyekula bada kwa kunde alikula chakula cha shamba lake mwenyewe. Aliyekula maharage, mara nyingi alikula chakula kilichonunuliwa au kubadilishwa. Tofauti hii ni ndogo kwa macho ya mpishi, lakini ni kubwa kwa macho ya historia.

Sasa moshi. Katika nyumba ya zamani ya pande hizi jiko halikuwa na bomba wala dirisha lake. Palikuwa na mawe matatu, yaitwayo mafiga, na kwa Kiswahili cha zamani zaidi mafya, umoja wake jifya; neno hili limehifadhiwa katika methali isemayo kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Juu ya mafiga palikuwa na dari ya miti, au uchaga, ambapo mahindi yalipangwa pamoja na mbegu za msimu ujao. Moshi ulipanda, ukapita katikati ya vitu hivyo, kisha ukapenya katika makuti au nyasi za paa. Mgeni aliyeingia na kutokwa machozi aliona uchafu tu. Mwenye nyumba alikuwa na sababu yake: wadudu wa ghalani huchukia moshi na ukavu, na mbegu iliyotobolewa haioti. Katika nchi iliyopigwa na njaa mara kwa mara, kama Uzigua ilivyopigwa na ukame na nzige katika miaka ya 1890, kuilinda mbegu hakukuwa jambo la anasa. Moshi ulikuwa mlinzi wa chakula kabla ya kuwa kiungo chake. Ladha ilifuata nyuma, bila ya mtu kuitafuta.

Kiswahili chenyewe chatoa ushahidi, maana lugha isiyojali jambo hailipi majina mengi. Kubanika ni kuweka nyama au samaki juu ya moto, kwa kijiti au juu ya uchaga, iive au ikauke. Kuvumbika ni kufukia katika majivu ya moto, kama ifanywavyo kwa muhogo na viazi. Na neno hilo hilo hutumika kwa ndizi zinazofunikwa ziive. Kupalia ni kuweka makaa ya moto, na hasa kuyaweka juu ya kifuniko, ili chungu kipate joto la juu na la chini kwa pamoja. Ndivyo wapishi wa pwani walivyokausha wali na kuoka mikate pasipo kuwa na tanuri. Kufukiza ni kukipa kitu moshi kwa makusudi, na si udi wa nguo peke yake: mitungi ya maji ilifukizwa ubani ili maji yapate harufu njema. Wamasai, ambao mifugo yao imeingia Handeni kwa vizazi vingi, husafisha vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya moto, na maziwa yao hutambulikana kwa ladha hiyo. Katika maneno haya manne mna kila tendo ambalo vitabu vya mapishi vya kigeni hulieleza kwa chombo cha pekee chenye mlango na kipimo cha joto.

Nyama nayo ina habari yake. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Mbegha ni mwindaji atokaye Nguu, katika milima ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika wilaya ya Kilindi, iliyokatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Anapanda Usambara, anawagawia wenyeji nyama, nao wanampa vyakula vya shamba. Wanahistoria wameisoma hadithi hiyo kama habari za utawala, na bila shaka ndivyo ilivyo. Lakini yafaa pia kusomwa kama habari ya chungu. Mtu wa nyika ana nyama isiyokaa ila kwa kubanikwa. Mtu wa mlima ana mazao yasiyokuwa na kitoweo. Kila mmoja anamkamilisha mwenziwe. Kipande cha nyama kavu yenye moshi kikitiwa ndani ya chungu cha nafaka au kunde hukitia ladha chungu kizima, ingawa nyama yenyewe haitoshi hata kwa watoto wawili. Hii ndiyo hesabu ya mapishi ya watu wasiokuwa na nyama nyingi, na iko dunia nzima.

Jambo lililoyafanya maharage kuwa chakula cha kila siku katika Korogwe, hata kwa watu wa bondeni, halikuwa kilimo cha wenyeji. Lilikuwa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa njia ya Hamburg, ikasalia hai 62 tu. Kutoka katika hiyo yakatokea mashamba makubwa ya Tanga na Korogwe. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Pamoja na reli wakaja wafanyakazi kutoka mbali, wengi wao wanaume wasio na wake wala mashamba, wakilala kambini. Hawakuweza kujilimia, ilibidi walishwe. Unga na maharage vilifaa kwa sababu haviozi upesi, hupimika kwa kibaba na hubebeka katika magunia.

Neno la chakula hicho ni posho, nalo lastahili kutazamwa. Katika misafara ya karne ya 19 posho ilikuwa fungu la siku la mpagazi. Katika mashamba ikawa fungu la mfanyakazi. Uganda neno limehama kabisa, na posho leo ni ugali wenyewe. Katika Korogwe neno lilibaki na uchungu kidogo. Kunde zilikuwa za mama. Maharage yalikuwa ya karani wa stoo. Pengine ndiyo sababu wazee wengi huyasema maharage kwa namna ya kuyadharau, huku wakiyala. Serikali ilipoyatwaa mashamba mengi ya mkonge mwaka 1967, na bei ya mkonge ilipoporomoka kwa sababu ya kamba za viwandani zisizo za mmea, kambi zilipungua watu. Maharage yalibaki: shuleni, gerezani, hospitalini, na katika kila nyumba.

Kwa ajabu, habari kama hiyo hiyo ilipata kutokea Marekani. Katika jimbo la Maine wakata magogo wa karne ya 19 walilishwa maharage kambini, yakipikwa ndani ya chungu cha chuma kilichofukiwa katika shimo lenye makaa, usiku kucha. Desturi hiyo husemwa kuwa imetoka kwa wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo. Ni kuvumbika hasa. Boston waliyatia nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, na asali nyeusi ya miwa. Na hapa njia za Uzigua na Maine zinakaribiana kwa namna isiyotazamiwa. Wazigua waliofikishwa Somalia katika karne ya 19, wengi wakikimbia njaa na kuangukia utumwani, walikaa kando ya mto Juba na kuihifadhi lugha yao. Vita vya 1991 vilipowatoa huko, wako waliorudi Handeni na kupewa makazi Chogo. Na kati ya Wabantu wa Somalia waliopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003, wako waliofika Lewiston, mji wa Maine.

Kuhusu upishi wenyewe, yako mambo ambayo mpishi wa Korogwe huyafanya bila kuyaeleza, na sababu zake ni za kweli. Maharage hulowekwa usiku, maji yakamwagwa. Kisha huchemshwa kwa moto mkali, si chini ya dakika 10, kabla ya kuachwa juu ya makaa. Maharage mekundu yana sumu inayovunjwa na maji yanayotokota, lakini haivunjwi na joto dogo, na mtu anayeyaanza juu ya makaa hafifu anaweza kuugua tumbo vibaya. Wengine hutia magadi ili yaive upesi. Huiva kweli, lakini hupoteza sehemu ya vitamini zake. Nyanya na ukwaju havitiwi mpaka punje zimelainika, maana uchachu huizuia ganda kulainika. Hapo ndipo huingia kitunguu, kipande cha nyama ya mbuzi iliyobanikwa, sukari guru kidogo kwa apendaye utamu, na ukwaju, ambao nyika ya Handeni inao wa kutosha. Chungu huhamishiwa pembeni, hufunikwa kwa kigae, na makaa hupaliwa juu yake. Baada ya saa moja au zaidi rojo huwa zito, na punje za juu hushika rangi ya hudhurungi. Kuni nazo huchaguliwa: mgunga mkavu ni mzuri, mnyaa hautiwi jikoni, kwa kuwa utomvu wake huunguza macho na moshi wake ni mbaya.

Lakini chungu kama hicho hula kuni, na kuni zina mtu anayezibeba. Saa tatu za moto kwa chakula kimoja ni mzigo wa kichwani wa mwanamke, na moshi uliolinda mbegu za nyumba ndio ule ule ulioingia kifuani mwake na mwa mtoto aliyekuwa mgongoni. Handeni imekatwa miti mingi kwa mkaa unaopelekwa mijini. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umekusudia kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hapana mtu mwenye haki ya kumwambia mama aendelee kutokwa machozi ili wengine wapate ladha. Na anayesifu harufu ya mafiga kwa kawaida si yeye anayepuliza moto. Wapishi huyasifu zaidi maharage yaivayo kwa maji mara moja, na sifa hiyo ni hesabu ya kuni kabla ya kuwa hesabu ya ladha.

Hata hivyo kuacha mafiga si lazima kuwe kuacha moshi. Wapishi wenye asili ya Bara Hindi, na wa pwani waliojifunza kwao, wana njia ya kufukiza isiyotaka ila kaa moja. Maharage yaliyokwisha kuiva juu ya jiko la gesi huwekwa kikombe kidogo cha chuma katikati. Ndani ya kikombe hutiwa kaa jekundu, juu yake tone la samli, na chungu hufunikwa mara moja. Moshi hutoka mzito, hauna pa kwenda, nao huingia katika rojo. Baada ya dakika tano kikombe hutolewa.