Mkaratusi na Nyigu Wake

Reli iliyoanzia Mombasa ilipofika pwani ya Ziwa Viktoria mwaka 1901, magarimoshi yake yalikuwa yakiteketeza kuni kwa kiasi cha kuwatia hofu wakuu wa serikali kwamba misitu ya kandokando ya njia isingestahimili. Ndipo, yapata mwaka 1902, mkaratusi ulipoletwa Kenya, mti ambao asili yake ni Australia, nao ukasitawi kwa kasi isiyojulikana kwa miti ya kienyeji. Ukikatwa huchipua tena shinani. Na hata baada ya magarimoshi kuacha kuni, haukukosa kazi, kwani ulikausha majani ya chai huko Kericho, ukatoa boriti za nyumba na nguzo za kubebea nyaya za umeme.

Sababu moja ya neema hiyo ni kwamba mti ulisafiri kwa mbegu, ilhali wengi wa wadudu waulao walibaki kwao. Walakini mwaka 2000 wenye mashamba wa Mashariki ya Kati waliona majani machanga yamefura na kupotoka. Mwaka 2002 maradhi yayo hayo yakadhihirika magharibi mwa Kenya na Uganda, na mwaka 2005 Tanzania. Mhalifu alikuwa nyigu mweusi wa takriban milimita moja, ambaye wataalamu walimpa jina la Leptocybe invasa mwaka 2004.

Hila yake ni ya ajabu. Jike, ambaye aghalabu huzaa pasipo dume, hudunga mayai katika mshipa wa kati wa jani changa, au katika kikonyo chake, au katika kitawi laini; na mti, badala ya kumfukuza mgeni, huongeza chembe za mwili wake kulizunguka yai, hata pakafanyika kifundo cha kijani, kisha cha waridi, kisha chekundu, ambacho ndani yake funza asiye na miguu hupata malazi na chakula pamoja. Baada ya miezi kama minne hivi, nyigu mzima hutoboa tundu la mviringo akatoka. Mti mkubwa huweza kuvumilia, bali mche wa kitaluni hudumaa, na pengine hufa.

Dawa ya kunyunyiza haimfikii funza aliyejificha ndani ya jani. Kwa hiyo Israeli ilifuata huko huko Australia nyigu wengine, miongoni mwao Quadrastichus mendeli, ambao watoto wao humwangamiza funza huyo kifundoni, na Afrika Kusini nayo ikamleta Selitrichodes neseri.

Mikaratusi haishambuliwi kwa kadiri moja: jamii iitwayo camaldulensis na baadhi ya machotara yake huumia sana, na jamii nyingine huathirika kidogo. Basi apandaye shamba zima kwa miche ya nasaba moja, kwa kuwa tu hukua upesi, amempa nyigu huyu shamba lote kwa mkupuo mmoja. Na mwenye busara atachanganya jamii, tena ataukagua kila mche kabla haujatoka kitaluni.