Hati, Kikombe na Baraka: Kinga ya Mke katika Ndoa ya Kiyahudi

Neno mahari, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina ndugu wa kale katika Kiebrania, nalo ni mohar. Katika Torati, mohar ni mali iliyotolewa na mchumba kwa baba wa binti. Undugu huu unasaidia kuielewa ketuba, yaani hati ya ndoa ya Kiyahudi. Leo hati hiyo hunakshiwa na kutundikwa ukutani kama pambo, ilhali asili yake ni deni.

Ndoa za maandishi miongoni mwa Wayahudi ni za zamani sana. Katika kisiwa cha Elephantine, kusini mwa Misri, ilipatikana hati ya mafunjo ya mwaka 449 K.K. inayotaja mali aliyokuja nayo mke pamoja na haki zake pakitokea talaka. Baadaye Mishna, iliyokamilishwa yapata mwaka 200 B.K., iliweka kiwango cha chini cha ketuba kuwa zuz 200 kwa mwanamwali na zuz 100 kwa mjane.

Talmud inaeleza kwamba hapo awali fedha hizo ziliwekwa kando. Mume akighadhibika, ilikuwa rahisi kumwambia mkewe achukue chake aondoke. Simeon ben Shetach, katika karne ya kwanza K.K., akaamuru mali yote ya mume iwe rehani ya ketuba. Tangu hapo mume hakuweza kuacha bila kuhesabu gharama.

Nafasi ya hati katika sherehe nayo ina maana. Kale, uposaji na ndoa yenyewe vilitenganishwa kwa muda uliofikia miezi kumi na miwili. Katika Zama za Kati hatua hizo mbili ziliunganishwa siku moja. Kwanza hubarikiwa kikombe cha divai, na bibi arusi huvishwa pete. Kisha husomwa ketuba. Ndipo kikombe cha pili huandamana na baraka saba chini ya kitambaa cha chuppah. Basi ketuba ndiyo mpaka baina ya ahadi na maisha. Baraka hizo huanzia kwenye divai na uumbaji, na kuishia katika furaha ya maarusi. Hatimaye bilauri huvunjwa, ili hata furaha isisahau kuharibiwa kwa Hekalu.

Hata hivyo, kinga hiyo ilikuwa na ufa: talaka ilibaki mikononi mwa mume. Yapata mwaka 1000, Gershom wa Mainz alikataza mke kuachwa bila ridhaa yake. Lakini mume anayekataa kutoa talaka bado humwacha mkewe amefungwa, hawezi kuolewa tena. Mwanamke huyo huitwa aguna. Mwaka 1995 Israeli ilitunga sheria ya kuwawekea vikwazo waume wa namna hiyo. Kwa hiyo swali alilokabiliana nalo Simeon halijafungwa: baraka husomwa kwa siku moja, bali haki ya mke huhitaji kulindwa siku zote.