Mwezeshaji wa kikao kazi cha bodi

Mwezeshaji wa kikao kazi cha bodi ni mtu anayeongoza mjadala pale bodi inapokutana nje ya ofisi kujitathmini na kupanga mkakati. Hapigi kura wala haamui. Hulinda ajenda, muda na haki ya kila mjumbe kusikilizwa.

Katika manispaa za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, huduma hiyo huzifaa bodi za vyama vya ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS), shule na asasi za kiraia. Anayewezesha bodi ya SACCOS hana budi kuifahamu Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

Sifa kuu za mwezeshaji ni uzoefu na kutofungamana na upande wowote ndani ya bodi. Hadidu za rejea za kazi yake hutaja malengo, malipo na usiri. Kabla ya kikao, mwezeshaji husoma masharti ya chama au taasisi na taarifa zake za fedha, kisha huzungumza na wajumbe mmoja mmoja. Kikaoni, mwenyekiti hushiriki mjadala bila kuuongoza. Mwishoni, kila azimio hupewa mtekelezaji na tarehe, kisha huthibitishwa katika kikao rasmi cha bodi.