Sikio la Ajuza: Masala Kulangwa na Pasaka ya Usukumani

Ukitaka kumtofautisha Msukuma aliyelelewa kijijini na Msukuma wa kusimuliwa kama mimi, mwulize habari za Shing'weng'we. Wa kijijini atacheka kwanza, halafu ataanza hadithi bila kuombwa mara mbili. Wa mjini atakwambia ngoja nimpigie mama.

Ukoo wetu ni wa Malampaka. Kwa wasiopajua (na najua ni wengi), Malampaka ni kituo kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928. Iko wilaya ya Maswa, ambayo tangu 2012 imo katika mkoa wa Simiyu, makao makuu Bariadi. Kabla ya hapo wote tulihesabiwa Shinyanga. Pamba, mpunga, ng'ombe na vumbi. Jiografia inatosha, twende kwenye hadithi.

Hapo kale lilitokea dubwana, Shing'weng'we, likameza watu wote duniani. Halikuchagua. Lilimeza watemi, watoto, wafugaji pamoja na ng'ombe wao. Akabaki mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa. Masala kwa Kisukuma ni akili, na jina zima ni la mtu mwepesi wa kuelewa. Mtoto alipopata ufahamu akauliza swali ambalo mimi naliona ndilo kiini cha yote: mama, mbona tuko wawili tu, watu wengine wako wapi? Mama akamweleza.

Basi kijana akaingia porini kumsaka adui. Siku ya kwanza akarudi na panzi. Mama, nimeliua Shing'weng'we! Mama akamwambia hapana mwanangu, huyo ni panzi. Siku nyingine akaja na ndege, nyingine na swala, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, siye huyo. Hatimaye akakutana nalo lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo. Watu wakatoka. Ng'ombe wakatoka. Baba yake, ambaye hakuwahi kumwona, naye akatoka.

Wengi huishia hapo, na ni mahali pazuri pa kuishia. Lakini hadithi inaendelea. Kisu cha Masala kilipokuwa kinapasua tumbo kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Ajuza akatoka akiwa hai, lakini amekasirika vibaya, akaapa kumroga mkombozi wake. Watu wakamlinda kijana. Yeye mwenyewe akahangaika mpaka akapata dawa, akaliponya lile sikio. Baada ya hapo ndipo wakamfanya ntemi, na mama yake akawa mama wa ntemi.

Sasa kabla Wasukuma wenzangu hawajavimba kichwa, hadithi ya namna hii si yetu peke yetu. Kule Lesotho mmisionari Mfaransa Eugène Casalis aliandika ya kwao katika karne ya 19: dubwana limemeza watu, kijana analipasua. Pwani yetu nayo ina Nunda mla watu, iliyochapwa na Edward Steere katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili cha mwaka 1870, alizozikusanya Unguja. Nunda alianza kama paka wa sultani. Akala kuku, sultani akasema paka ni wake na kuku ni wake. Akala mbuzi, jibu likawa hilo hilo. Mpaka alipokula wana wa sultani ndipo mzee akazinduka. (Wanaolea mapaka ikulu waisome mara mbili.) Kijana mdogo wa sultani naye anarudi nyumbani na mnyama baada ya mnyama, akidhani kila mmoja ndiye Nunda, na mama yake anamkatalia kila mara. Ni muundo ule ule wa Usukumani, umbali wa mamia ya kilometa kutoka Malampaka.

Steere huyo alikuwa mtu wa kanisa, baadaye askofu, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Altare inasemwa ipo pale palipokuwa mti wa kuwachapia watu viboko. Kama kuna jengo katika Afrika Mashariki linalojaribu kusema kwa mawe kwamba tumbo limepasuliwa, ni lile.

Huku bara mambo yalikwenda polepole zaidi. Mapadri Weupe walifungua Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Waanglikana wa CMS walifika Nassa mwaka 1888, na mwaka 1909 wakaikabidhi kwa Africa Inland Mission, ndiyo mwanzo wa AIC mnayoijua. Lakini Msukuma hakuwa na haraka. Alisikiliza, akashukuru, akarudi kuwatambikia masamva wake, yaani wafu wa ukoo ambao kwake hawajaenda mbali. Wamisionari wenyewe walikiri kwamba kazi ni ngumu. Kwa Maswa hasa, Vatikani iliipa hadhi ya jimbo mwaka 1953, na miaka mitatu baadaye jina likabadilishwa kuwa Shinyanga. Wamaryknoll kutoka Marekani ndio walioshika eneo hilo.

Ugumu ulikuwa wapi? Nina maoni yangu. Ukimwambia mtu kwamba Yesu ameshinda kifo, halafu ukaeleza ushindi huo kama safari ya roho kwenda juu mawinguni, Msukuma atakuuliza, na ng'ombe je? Katika hadithi yake waliokombolewa hawaendi popote. Wanatoka tumboni, wanajipangusa, wanarudi kulima. Na ukitazama vizuri, Msukuma huyu yuko karibu na Kanuni ya Imani kuliko wahubiri wengi wa redioni, maana Kanuni inataja ufufuko wa mwili. Paulo anapowaandikia Wakorintho, sura ya 15, anatumia neno ambalo mtoto yeyote wa Malampaka angelielewa bila ufafanuzi: kumeza. Anasema mauti, mmezaji mkuu, naye amemezwa. Alilitoa kwa nabii Isaya. Bahati mbaya hakuna aliyemwambia bibi yangu mapema kwamba Paulo na Shing'weng'we wanatumia lugha moja.

Waliokuja kuliona hilo ni wachache. Padri David Clement, Mkanada, aliyeanzisha parokia ya Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950, alijenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya ntemi, Kristo awe ntemi humo. Akaleta ngoma za Bagika na Bagalu kwenye sikukuu ya Ekaristi, na mashindano ya Bulabo bado yanachezwa. Baadaye Wamaryknoll wawili, Donald Sybertz na Joseph Healey, walikusanya na wenyeji methali, vitendawili na hadithi, na mwaka 1996 wakachapisha kitabu cha teolojia ya masimulizi ya Kiafrika. Humo Masala Kulangwa anasomwa kama sura ya Kristo mshindi.

Nimekaa na mzee mmoja wa Malampaka, katekista mstaafu, ambaye amekuwa akisimulia habari hii katika mafundisho ya Pasaka kwa miaka mingi. Yeye hana shida na ulinganisho, ila ana nyongeza. Alinifundisha kitu ambacho sikukisoma popote. Masala, alisema, alipigana akiwa nje. Yesu alikubali kumezwa kwanza. Wakristo wa kale waliipenda sana picha hiyo. Gregori wa Nyssa, askofu wa karne ya 4, alifananisha mwili wa Kristo na chambo, na uungu wake na ndoana iliyofichwa ndani. Kifo kikameza vyote viwili. Ni picha ya mvuvi, watu wa Ziwa wangeipenda.

Kuna tofauti ya pili, na hii ndiyo inayoninyima usingizi. Injili inasema Kristo alitoka kaburini na makovu mikononi mwake mwenyewe. Katika hadithi yetu kovu liko kwa mtu mwingine. Mkombozi hana hata mchubuko, aliyeumia ni bibi kizee asiye na jina.

Na hapa, msomaji, lazima tutoke kidogo kanisani. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifuatilia mauaji yaliyotokana na tuhuma za uchawi kati ya mwaka 1970 na 1984. Waliouawa Tanzania Bara walizidi 3,000, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu walikuwa wa Usukumani. Magazeti yakazoea kuandika "mauaji ya vikongwe" kama yanavyoandika bei ya pamba. Ushahidi dhidi ya wengi wao ulikuwa nini? Macho mekundu.

Macho yale yana historia. Katika miaka ya 1920 Mwingereza Charles Swynnerton, aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o, alisimamia ukataji mkubwa wa mapori Shinyanga. Watu waliitwa kupitia watemi wao, wakafyeka. Mbung'o hawezi kuishi pasipo na kichaka, hilo lilikuwa kweli. Baada yake pamba na mifugo vikala kilichobaki. Kuni zikaadimika, wanawake wakapikia mabua ya pamba na samadi kavu, ndani, bila dirisha la maana. Miaka 40 ya moshi huo lazima ionekane machoni. Kisha mtoto anafariki kwa malaria, mganga anaulizwa, na jibu linaelekezwa kwa bibi wa nyumba ya tatu.

Huwa namfikiria Masala na panzi wake. Mwanzo sura ya 1 inamweka mtu juu ya samaki, ndege na wanyama, na Zaburi ya 8 inashangaa kwamba kiumbe mdogo hivi amepewa heshima kubwa namna hiyo. Hadithi ya Kisukuma haimpi mtu kiti. Inamweka tumboni pamoja na ng'ombe wake, na mmoja aliyenusurika anaponea kwenye makapi. Kazi ya kwanza ya shujaa si kupigana. Ni kujifunza nani siye adui. Panzi siye. Ndege siye. Swala siye. Mama ndiye mwalimu wa somo hilo, na analirudia bila kuchoka. Sisi tulifyeka msitu tukidhani tumemmaliza adui. Halafu tukawaendea bibi zetu usiku na mapanga. Hakuna aliyekuwa mlangoni wa kusema siye huyo.

Haki itendeke: misitu imejitahidi kurudi. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliwahimiza watu wafufue ngitili, yale malisho ya kufungiwa ya asili yetu, na mwaka 2002 ukapata tuzo ya Ikweta ya kimataifa. Hapo wataalamu walilazimika kumsikiliza mfugaji.

Lakini rudi kwenye sikio. Angalia kwamba ajuza yule katika hadithi ni mchawi kweli, au angalau ametishia kuwa. Si bibi msingiziwa. Ana nia mbaya na anaisema hadharani. Wazee wetu waliotunga walikuwa na kila sababu ya kummaliza hapo, na umati ungeshangilia. Hawakufanya hivyo. Walimpa hasira yenye sababu (kakatwa sikio, mngetaka acheke?) na wakampa mkombozi kazi ya ziada ya kutafuta dawa. Kuua dubwana hakukumpa Masala utemi. Utemi ulikuja baada ya sikio kupona.

Nilimwuliza yule katekista kwa nini katika mafundisho ya Pasaka anaruka kipande hiki. Akacheka. "Mjukuu wangu, Misa ya mkesha ni ndefu tayari." Kisha akaniambia kwamba nyumbani, jioni, watoto wakikusanyika, haruki kitu. Anasimulia yote mpaka dawa, mpaka utemi, na kwenye sikio anapunguza mwendo kidogo. Nikamwuliza kwa nini huko ndiko anakosimulia yote. Akaonyesha kwa kidevu upande wa jiko, ambako mkewe na dada yake mkubwa walikuwa wanapepeta mchele, macho yamewaiva kwa moshi.

"Huko," alisema, "na wao wanasikiliza."