Majengo na Waliojenga

Sisi wa Kilo twajua kazi ya machimbo tangu dhahabu ilipovumbuliwa katika nchi hii mwaka 1903. Basi tutazame alilofanya mwenzetu mmoja kwenye machimbo ya shaba huko Katanga.

Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alipiga picha za majengo na mitambo chakavu ya Union Minière, kampuni iliyoanza mwaka 1906. Kisha alitwaa picha za kale za kampuni, akakata humo maumbo ya wafanyakazi na mabwana wao, akayasimamisha mbele ya magofu. Magofu yana rangi; watu hawana. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliiita Mémoire, yaani Kumbukumbu.

Gofu tupu twalistaajabia tu. Lakini mtu akisimama pale, twauliza: Aliitwa nani? Alikuja kwa hiari? Kilo nako wengi walitiwa kazini kwa nguvu.

Kwa hiyo, ndugu, mwenye picha ya babu sandukuni asiitupe. Aandike jina lake nyuma, wazee wangali wanalikumbuka.